Mkono wa Hagari

Keziah Mumby alikuwa mtumishi wa Bwana Octavius Dauntsey, mchongaji sanamu wa Chelsea, kwa miaka kumi na saba, na kazi yake kubwa haikuwa kupika wala kufagia. Kazi yake ilikuwa kulowesha udongo. Watu wakisikia hivyo hucheka. Haya, chekeni. Sanamu kabla haijawa marumaru huanza kuwa udongo mbichi uliokandikwa juu ya fimbo za chuma. Udongo huo ukikauka hupasuka, na ukipasuka, kazi ya miaka miwili ndiyo basi tena. Kwa hiyo asubuhi, adhuhuri na jioni Keziah alipanda ngazi na bomba lake la mkono, akanyunyiza maji toka utosini hadi vidoleni, kisha akafunika vitambaa vibichi. Udongo aliujua tangu utotoni. Baba yake alikuwa mfyatua matofali huko Essex, na Keziah aliweza kuusoma udongo kwa kidole gumba kabla hajaweza kusoma herufi.

Mwaka ule sanamu ilikuwa Hagari, yule mjakazi wa kwenye Biblia aliyefukuzwa jangwani na mwanawe. Wakubwa wa Maonyesho ya sanaa ya kila mwaka walikuwa wamemkatalia Dauntsey kazi zake mara mbili mfululizo. Alisema mwenyewe, mezani, bila kutania: "Keziah, huyu naye wakimkataa, nafunga karakana naenda kuchonga mawe ya makaburi." Mwezi wa Januari akafunga safari kwenda Italia kuchagua jiwe la marumaru. Kule baridi ikamshika kifua, akalazwa.

Sasa, lazima nikwambie kuhusu barua. Wachoraji na wachongaji wa London wakati ule walikuwa na ugonjwa wa barua, na dawa yake haikupatikana. Posta ilipita nyumbani mara sita kwa siku, na kila ilipopita ilikuta mmoja wao ana jambo la kumwambia mwenzake. Mtu atamwandikia rafiki yake asubuhi "Mpenzi wangu, fundi usiye na mfano duniani, njoo tule bata," na jioni wakishakula bata, atamwandikia tena kumshukuru kwa kumla. Pembeni mwa karatasi watachora vikatuni vya kuchekeshana. Bingwa wao alikuwa Bwana Lionel Frayne, mchoraji, rafiki wa Dauntsey tangu ujana. Huyu ndiye aliyeahidi: kila Jumapili nitakwenda kumwona Hagari wako, na nitakuandikia hali yake.

Jumapili ya kwanza alifika kweli. Alisimama kizingitini, theluji kofiani, wala hakuvua glavu.

"Mzima?" akauliza.

"Mzima, Bwana. Karibu ndani umwone."

"Aa, usimfunue bure, atapata baridi." Akacheka, akarudi garini. Hakuonekana tena.

Februari ikaja na barafu ya kupasua mabomba. Keziah akaogopa. Alirundika makaa kwenye jiko la chuma la karakana mpaka likawa jekundu. Kisha akaogopa upande wa pili, kwamba joto lile litamkausha Hagari, basi jioni akamlowesha maradufu, maji yakachuruzika mpaka sakafuni. Hofu yake ndiyo iliyomponza. Alfajiri makaa yalikuwa majivu, na maji yote yale yaliyoingia ndani ya udongo yaliganda yakavimba. Alipofunua vitambaa asubuhi, mkono wa kushoto haukuwepo. Ulikuwa sakafuni, kuanzia kiwiko mpaka vidole, na juu pale ilibaki fimbo ya chuma tupu.

Keziah alikaa chini kwenye sakafu ile ya baridi. "Nimemuua," alisema kwa sauti. "Ee Mungu wangu, nimemuua." Halafu akainuka, kwa sababu udongo haungoji mtu alie. Akauokota ule mkono kama unavyookota yai, akaulaza kwenye beseni la bati, akaufunika kitambaa kibichi. Akavaa kofia, akaenda kwa Bwana Frayne kwa miguu.

Alimkuta anakula figo za kondoo na mkate wa kuchoma, karatasi za barua zimemzunguka.

"Bi Mumby! Umekuja kunidai chai?"

Akamwambia. Frayne akaweka uma chini.

"Usimwandikie," akasema.

"Bwana, lazima ajue."

"Daktari wake wa kule kasema mshtuko utammaliza. Unataka tumzike Italia? Eti? Kwa ajili ya mkono wa udongo?"

"Lakini akirudi si ataona?"

"Akirudi atakuwa amepona, na mtu mzima hafi kwa kuona. Mwandikie yote salama. Mimi hivyo hivyo namwandikia."

Keziah akamtazama. "Bwana, wewe unamwandikia nini, na hujaingia hata siku moja?"

Frayne akawa mwekundu mpaka masikioni. "Namwandikia yanayomfaa mgonjwa," akasema, akarudia figo zake.

Basi Keziah akaandika. Kila Jumamosi alikaa kwenye meza ya jikoni, kalamu inakwaruza, jasho linamtoka na baridi yote ile. "Bwana, yote salama. Hagari analoweshwa mara tatu kwa siku." Sentensi ya pili ilikuwa kweli, na ndiyo aliyoiandika kwa herufi kubwa zaidi. Barua tano. Tangu hapo hakulala usingizi wa mtu. Alilowesha sanamu mara tatu, akalowesha na ule mkono kwenye beseni mara tatu, na kila kengele ya mlango ilipolia, alikimbilia mlangoni mikono ingali na udongo.

Tarishi wa mtaa ule, Silas Tuck, mtu wa mzaha, alizidi kumchoma bila kujua. "Bi Mumby, kutoka Italia tena! Huyu hakuandikii kuhusu udongo tu, usinidanganye. Lini posa?"

"Nyamaza, Tuck, lete barua."

"Mbona unainyakua hivyo, mama? Ndiyo mapenzi hayo."

Katikati ya Machi ikaja nzito, bahasha imevimba. Keziah aliifungulia jikoni amesimama. Ndani mlikuwa na barua ya Frayne ya kurasa nne, aliyokuwa amempelekea Dauntsey, na pembeni pamechorwa Hagari kwa wino, mzuri kabisa, mkono wa kushoto ameuinua juu ya macho, anazuia jua. Chini yake Frayne ameandika: "Jumapili hii, mbele yake, machozi yananitoka. Mkono huo, Dauntsey! Mkono huo!"

Keziah akaona kosa papo hapo. Siku mbili kabla ya kusafiri, Dauntsey alikuwa ameukata ule mkono wa kuzuia jua na kuuunda upya, umeshuka, vidole vimegusa koo lenye kiu. Frayne alichora mkono aliouona wakati wa Krismasi.

Na barua ya Dauntsey mwenyewe ilikuwa fupi, mwandiko wa mgonjwa:

"Keziah, utaona mwenyewe kwamba Lionel hajatia mguu karakanani. Nimecheka mpaka nikakohoa. Ndivyo alivyo, miaka thelathini sasa, na sitagombana naye. Lakini wewe hujawahi kunidanganya, hata kwa bei ya kabichi. Nitakuamini wewe peke yako. Niambie neno moja: mkono uko salama? Ukisema ndiyo, nanunua jiwe na namwita mtu wa plasta achukue umbo lake. Nikishanunua, sina kingine duniani."

Keziah aliisoma mara tatu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Akiandika kweli, pengine anamuua mgonjwa. Akiandika uongo, anamzamisha kwenye umaskini. Na vyovyote vile, barua zake tano ziko kule Italia, chini ya mto wa Bwana. Alichukua kalamu, akaandika bila kukaa: "Bwana, mkono ulianguka tarehe tisa Februari kwa barafu. Kosa ni langu, nilimlowesha kupita kiasi. Nilikuficha kwa kuwa ulikuwa mgonjwa na kwa kuwa niliogopa. Usinunue jiwe." Akaikimbiza mwenyewe mpaka sanduku la posta la pembeni. Ilipodondoka ndani, alitamani kuingiza mkono aitoe.

Siku kumi hapakuja kitu. Hata Tuck aliacha mzaha. Alipita akitikisa kichwa tu. Keziah alimwona mawazoni bwana wake amekufa kwa namna kumi tofauti, na kila namna barua yake ilikuwa mkononi mwa maiti.

Siku ya kumi na moja gari la farasi likasimama mlangoni. Dauntsey alishuka amekonda, koti linamning'inia, akapita moja kwa moja karakanani bila kuvua kofia. Akafunua vitambaa. Akaangalia ile fimbo tupu kwa muda mrefu.

"Uko wapi?"

Keziah akaleta beseni. Dauntsey akafunua, akaubonyeza ule mkono kwa gumba.

"Laini," akasema.

"Ndiyo, Bwana."

"Siku zote hizi umeulowesha?"

"Mara tatu kwa siku, pamoja naye."

Akavua koti, akaomba waya na udongo mbichi kidogo, akaanza kazi. Kwa siku tatu aliurudisha ule mkono mahali pake, na nakuapia ulikuwa bora kuliko mwanzo. Mtu wa plasta akaitwa aje Jumanne. Barua ikaenda Italia, jiwe linunuliwe. Hagari ameokoka! Keziah alipika mkate wa zabibu, akajikuta anaimba jikoni.

Jioni ya siku ile ya tatu alichukua bomba lake akaenda kulowesha. Dauntsey alikuwa kwenye ngazi.

"Nipe," akasema.

"Acha mimi, Bwana, na kifua chako hicho."

"Nipe, Keziah. Kuanzia leo nitafanya mwenyewe."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha. "Bwana," akasema, "mwishoni nilikuandikia kweli."

"Uliniandikia. Baada ya barua tano." Akashuka, akalichukua bomba mkononi mwake taratibu. "Unajua nilizisomaje? Usiku sikulala mpaka zimefika. Za Lionel nilisoma nikacheka. Zako nilisoma, ndipo nikalala."

Jumapili Frayne alikuja chakula cha mchana. Walikumbatiana mlangoni, wakaitoa ile picha ya wino, wakaicheka mpaka Frayne akajifuta machozi kwa kitambaa cha meza. "Nilisikia kwa roho!" alipiga kelele. "Roho ya msanii haihitaji kuona!" Dauntsey akampiga begani. Keziah aliwapakulia nyama ya kondoo na viazi, akatoka.

Saa kumi na mbili jioni, kwa mazoea, miguu yake ilimpeleka na ndoo ya maji mpaka mlango wa karakana. Akagonga. Dauntsey akafungua, akasema asante, akapokea ndoo, akafunga. Keziah alisimama nje akisikiliza bomba. Alisikia maji ya kichwani, ya kifuani, kisha kimya. Mgongo hakuufikia kabisa, na upande ule wa jiko ndio unaokauka kwanza. Aliinua mkono agonge tena amwambie. Akaushusha, akarudi jikoni kuosha vyombo.