Tulipomhamishia Mama Kiponda

Watu wakisikia nimekaa Unguja wiki mbili, huniuliza mgeni ashukie mtaa gani. Zamani ningewajibu kwa ramani, hali ya barabara na umbali wa hospitali. Mimi ni muuguzi wa wodi ya mifupa, na kila nikiona ngazi naona nyonga iliyovunjika. Siku hizi jibu langu ni Kiponda. Wakitaka sababu inabidi wakae kitako, kwa kuwa lazima nianze na mama yangu na kufuli.

Mama alizaliwa Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe, akaolewa bara akiwa msichana, akatulea Morogoro. Presha ya macho imemwibia uoni kidogo kidogo mpaka amebakiwa na mwanga na vivuli. Mwaka jana aliteleza akaangukia mtaroni, hatua chache tu kutoka nyumbani, akachubuka uso. Tangu siku hiyo, kila nilipokwenda kazini nilimfungia geti kwa nje. Kufuli nililibana taratibu kwa vidole viwili lisije likalia, ili asijue. Yeye alikuwa akisema, "Haya mwanangu, kazi njema," akabaki kitini na redio yake. Nilijiambia kwamba huko ndiko kumtunza. Lakini baada ya miezi michache aliacha kabisa kuomba kutoka, na hapo nikaingiwa na hofu, maana mama yangu hakuwa mtu wa kukaa kitini. Nikaomba likizo nimpeleke kwao, labda moyo wake utarudi.

Mahali pa kukaa nilipachagua kama ninavyopanga zamu za wodi. Nilikaa na simu nikisoma maoni ya wageni, moja baada ya jingine, nikiandika kwenye daftari. Nungwi ilikuwa na vyumba vizuri vya chini, ila ni mwisho kabisa wa kisiwa, na mama alisema hasafiri kutoka bara kwenda kusikiliza wazungu wakiota jua. Shangani nilipapenda kwa sababu gari linafika mlangoni, lakini hoteli za huko zimejengewa watu wa mfuko mwingine. Kiponda nilikifuta palepale: vichochoro visivyoingia gari, vespa zinazokatiza, ngazi zilizosimama wima. Ikabaki Mpendae, kwa mama mdogo. Na hata bila daftari tungefikia huko, kwa sababu kuwa na ndugu mjini kisha ukalala gesti ni kumtukana ndugu huyo mbele ya watu.

Mpendae hakuna kosa hata moja. Nyumba ya mama mdogo ni mpya, ina vigae, ina uzio, haina ngazi. Alitupokea kwa pweza wa nazi na machozi. Mama akawekwa kwenye kiti kizuri cha sebuleni, feni ikamgeukia, nami nikashukuru Mungu. Nje kulikuwa na mchanga na uwazi mpana, kila nyumba imejitenga na mwenzake, na bodaboda zinaibuka kutoka upande wowote. Nilipomtoa nilimshika mkono muda wote. Siku ya tatu, tukinywa chai, akauliza:

"Hivi mmenileta Unguja?"

"Ndiyo, mama. Tupo Mpendae."

"Mbona miye naona niko Morogoro?"

Akaweka kikombe chini, akasema anataka kulala mjini. Kwa mtu wa umri wake mjini ni Mji Mkongwe tu, kwengine kote ni kwengine.

Mama mdogo alinyanyuka na chupa ya chai mkononi. "Dada, nyumba yangu ina nini? Mulale gesti, watu waseme nimekufukuza?"

"Nyumba yako nzuri, mdogo wangu, Mungu akuzidishie. Lakini iko peke yake. Nikitoka mlangoni sina pa kushika."

Mama mdogo alinuna siku nzima, kununa kwa kweli, kwa kupakua chakula bila kutazama mtu. Kesho yake akapiga simu mwenyewe kwa watu anaowajua, akatupatia chumba cha chini katika nyumba ya wageni huko Kiponda, na masharti juu yake. "Kulala mtalala huko. Kula, mtakula changu. Kila mchana nitaleta." Na kweli alileta, kila siku ya Mungu, hotpoti mbili ndani ya kikapu, na alihakikisha mtaa mzima unamwona akipita nazo.

Teksi ilitushusha Malindi, tukaingia ndani kwa miguu. Mimi nilikuwa nimemkamata mama mkono kama mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji. Tulipopita kona ya pili nikahisi anauchomoa. Mbele ya nyumba za pale, pande mbili za njia, kuna mabaraza, vile viti virefu vya mawe vilivyoshikana na ukuta ambavyo watu hukalia jioni. Mama akasogea pembeni mpaka goti lake likagusa baraza, akaanza kutembea. Baraza likikatika, mkono wake unakwenda mbele na kukuta mlango. Mlango ukipita, goti linapata baraza jingine. Akichoka anakaa, kwa kuwa kiti kiko palepale. Vespa ikija, inapiga honi tangu mbali, naye anajibanza ukutani bila haraka. Ule wembamba wa njia nilioufuta kwenye daftari langu ndio uliokuwa ukimshika pande zote. Nilisimama nyuma yake nikatazama kuta nene zenye ubaridi wake, misumari ya shaba kwenye milango, nguo zilizoanikwa ghorofani, na nikaona haya kwa kila nilichoandika. Waliojenga mji ule walijua kitu ambacho mimi, na wodi yangu na vyuma vyake vya kushikia, sijakifikia.

Hata hivyo sikujua kama nimwache. Kutembea akiwa nami nyuma ni jambo moja.

Siku ya pili niliamka saa moja na nusu asubuhi, nikakuta kitanda chake kimetandikwa. Buibui halipo. Fimbo yake nyeupe, niliyomnunulia mimi, imetundikwa kitasani kwa adabu. Nilitoka nje na kanga ya kulalia.

Muuza kahawa wa pembeni hakuuliza hata ninamtafuta nani. "Bi mkubwa? Kapita zamani. Kanisalimia." Bwana mmoja aliyekuwa akifungua duka la vitambaa akaniambia kapita, kenda chini. Mwanamke aliyekuwa akifagia akasema kamwona kakaa barazani anapumzika, kisha kenda zake. Kila mtu alikuwa kamwona mama yangu. Tatizo ni kwamba mimi nilikuwa nimepotea. Mlango mmoja wenye nakshi za maua niliupita mara tatu, na mara ya tatu yule anayefagia alinitazama kwa huruma. Macho yangu yote mawili mazima, na sikujua kurudi chumbani.

Ndipo nikasikia kicheko chake kikitoka dirishani. Sikuwa nimekisikia kwa mwaka mzima.

Nilibisha hodi, nikajibiwa karibu. Ndani kulikuwa na sebule ndefu yenye harufu ya ubani wa vijiti, picha ya mungu wa Kihindu yenye shada la maua, na katikati, ikining'inia kwa minyororo ya shaba, bembea kubwa ya mbao. Mama alikuwa amekaa juu yake akijisukuma polepole kwa ncha ya kidole cha mguu. Pembeni alikaa bibi wa Kihindi aliyevaa sari ya rangi ya maziwa, akimmiminia chai. Kwenye sahani, bajia zilikuwa zimebaki mbili.

"Shikamoo," nikasema nikihema. "Samahani, mama yangu ame..."

"Marahaba, mwanangu. Kaa," akasema yule bibi upesi, kwa Kiunguja laini kuliko changu. "Mgeni wetu kaniburudisha leo."

Na mama, bila kugeuka: "Kunywa chai, mwanangu. Usiihimize asubuhi ya watu."

Nikakaa, nikanywa. Waliongea habari za mvua, bei ya iliki, kengele ya hekalu la Hurumzi ilivyokuwa ikisikika zamani. Hakuna aliyetaja jina. Hakuna aliyeuliza mwenzake amefuata nini. Tulipoaga, bibi yule alitusindikiza mpaka kizingitini, akamshika mama mkono, akasema kama mtu anayekumbuka jambo dogo: "Na mlango unaofuata hapo yuko jirani yangu, bi mkubwa kama weye, miguu inamsumbua, hatoki. Siku ukipata nafasi umpitie. Atafurahi."

Tulipofika kona nilimkalisha mama barazani, nikaanza ukali wangu wa wodini. Alikwenda wapi? Kwa nani?

"Kwa shoga yangu," akasema. "Tumekua pamoja, mlango kwa mlango. Nimehesabu mabaraza. Kumbe moja wamelivunja wakaweka mlango wa duka. Nikaingia nyumba siyo."

"Ukajua saa ngapi kwamba umekosea?"

"Niliponusa ubani ule wa vijiti. Tena nikakalishwa bembeani. Kwa shoga yangu hapakuwa na bembea."

"Sasa kwa nini hukusema, mama? Umekaa saa nzima!"

Alinigeukia kwa subira, kama mtu anayefundisha mtoto kula. "Nimebisha, kaniitikia karibu, kanimiminia chai. Nimwambie nini? Kwamba sikuja kwake? Na yeye alijua kama nimekosea, tangu nilipovuka kizingiti. Hakusema, asinitie haya. Nami nilijua kama anajua. Si umemsikia alivyonionyesha mlango wa shoga yangu wakati wa kuaga?"

Nikaanza kucheka, na nikampenda yule bibi wa Kihindi, na mtaa wake mzima, kwa moyo wangu wote. Mama hakucheka. Alikuwa akipapasa ukingo wa baraza kwa kiganja.

"Kama kufuli lako," akasema.

"Kufuli gani?"

"La geti. N'nalisikia kila asubuhi. Nikajua una hofu, na hutaki nijue. Nikanyamaza."

Watu walipita mbele yetu, wakasalimia, mama akaitikia kila mmoja. Mimi nilikuwa nimeinama nikitazama miguu yangu. Nilitaka kusema ni kwa ajili yake, ni mtaro, ni ule uso uliochubuka, na yote yalikuwa kweli. Badala yake nililia pale barazani mbele ya muuza kahawa. Mama akasubiri nimalize. Kisha akasimama, goti likatafuta baraza, akanirudisha chumbani, kwa sababu mimi njia nilikuwa bado siijui.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa macho tangu alfajiri. Nilimsikia akitandika, akivaa buibui, akivuta kandambili kwa mguu. Alipofika mlangoni alisita.

"Nnakwenda kwa shoga yangu. Mlango nikuachie ufunge?"

"Uache wazi, mama."

Sikunyanyuka, ingawa kila kiungo changu kilitaka kunyanyuka. Nilisikiliza buibui lake likisugua baraza chini ya dirisha letu, likikatika, likianza tena mbali zaidi, mpaka likapotea. Nikakaa kitandani na fimbo yake mapajani. Baada ya muda, kutoka mahali nisipoweza kupaona, nikasikia sauti yake ikipiga hodi. Kisha sauti ya mwanamke mzee ikaita jina la utoto la mama yangu, jina ambalo sikuwahi kulijua.