Jongoo wa Jiwe

Leo hapa Guangzhou, nyuma ya soko la viatu la Liuhua, nimenunua jiwe lenye trilobaiti, mdudu wa baharini aliyetoweka zamani mno. Mfanyabiashara mwenzangu wa Dar amenicheka: "Mzee, umeacha viatu umenunua jongoo?" Ukoo wa mdudu huyu uliishi kwenye kina kisichofikiwa na mwanga, ukabaki bila macho. Nimempapasa kichwa. Kweli, ni laini kabisa.

Utotoni nililelewa na bibi. Siku moja nilimtilia jongoo kwenye ungo wa mchele, nikingoja apige kelele. Jongoo mweusi alitambaa juu ya mchele mweupe, na bibi akaendelea kuchagua chuya kwa vidole, uso wake umenielekea.

"Shati limekupendeza, mjukuu wangu."

Nilikuwa kifua wazi.

Kidole chake kilipomgusa jongoo, bibi aliganda, kisha akanishika mkono. "Usimwambie mama yako. Watanihamisha hapa kwangu."

Mama, aliyekuja kumjulia hali, akatokea mlangoni. "Mama, mchele tayari?"

Nilimfumbata jongoo kiganjani.

"Tayari," nikasema. "Bibi kautazama wote."