Treni Iliyokataa Gundi

Mzee Honi, dereva wa treni mstaafu, hakuwa mtu wa kulialia. Jina hilo alibandikwa na wenzake kazini, maana akikaribia stesheni aliivuta honi mpaka abiria wakaziba masikio. Siku anastaafu, wenzake hao hao walimzawadia boksi la treni ndogo ya plastiki ya kuunganisha, mfano wa kichwa kile kile alichokiendesha miaka yote, na ngazi zake, na taa zake, na honi yenyewe ndogo kama punje ya mchele. Maboksi kama yale hayatengenezwi tena. Ndege, meli na malori ya kuunganisha alishayamaliza mengi, lakini hili aliliweka juu ya kabati. Alisema anangoja atulie.

Mwaka huu daktari akamwambia bila kuzunguka: macho yanakwenda, mzee, na hayarudi. Ndipo akaliteremsha boksi. Akasogeza meza dirishani, akavaa miwani, na juu ya miwani akashika lenzi.

"Mama watoto," akamwambia mkewe, "hii ndiyo ya mwisho. Nikiimaliza hii, hata giza na lije."

Basi gundi ikagoma.

Gundi ya plastiki, kwa asiyeijua, haibandiki kama ile ya karatasi. Inayeyusha. Unapaka kidogo kwenye kiungo, plastiki inalainika, unashikiza upande na upande, vikikauka ni kitu kimoja, huvitenganishi labda uvunje. Mzee Honi akapaka, akashikiza, akangoja, akaachia. Paa la treni likateleza, likatumbukia kwenye chai yake.

"Gundi imezeeka hii," akasema. Akanunua chupa mpya. Yale yale. Akakumbuka kwamba viwandani hupaka mafuta kwenye kalibu ili vipande vitoke vizuri, na mafuta ni adui wa gundi. Akaviosha vyote kwa sabuni, mkewe akavianika kwenye taulo. Yale yale! Akavibana kwa vibanio vya nguo mpaka kesho yake. Alipofungua kibanio, paa likadondoka, kavu, safi, kama halijawahi kupakwa kitu.

"Pengine ni mikono, mume wangu," mkewe akasema kwa upole. "Siku hizi inatetemeka."

Hapo aliumia. Ndilo alilokuwa akiliogopa, kwamba kosa ni lake, kwamba ameshakwisha kabla hata ya macho kwisha. Siku ile chakula alikirudisha jikoni vile vile.

Lakini dereva ni dereva. Chombo kikigoma hakiachi mpaka ajue kimegomea wapi. Asubuhi akachukua vijiko viwili vya plastiki, vile vya kutumia na kutupa, akavipaka gundi ile ile kwa mikono ile ile. Vilipokauka akavivuta, wapi! Akavipinda mpaka vikavunjika shingoni, kiungo kikabaki imara.

"Njoo uone!" akaita. "Gundi nzima. Mikono mizima. Sasa kibovu ni nini?"

"Basi kibovu ni treni," mkewe akajibu.

Mzee Honi akachukua msasa, akaparuza ukingo wa paa. Vumbi la kijivu likatoka, kumbe ni rangi tu iliyopakwa juu. Chini yake kukawa na kitu kingine. Mkewe akakichukua, akakisogeza kwenye mwanga.

"Mbona waridi? Mume wangu, hii si kama rangi ya ufizi?"

Loo! Heri angempiga kofi. Katika ukoo mzima, mwenye plastiki ya rangi ya ufizi, ngumu isiyoyeyushwa na gundi ile, alikuwa mmoja tu: mdogo wake, fundi wa meno ya bandia, ambaye yeye mwenyewe alimlea tangu wazazi wao walipofariki, akamsomesha, akamtafutia na chumba cha kufanyia kazi. Mwaka juzi, nyumba ilipokuwa ikibadilishwa mabati, boksi lilikaa kwake. Aliporudisha, vipande vyote vilikuwa vimeshakatwa kwenye fremu zinakoshikamana tangu kiwandani na kutiwa vifukoni. "Nimekukatia kabisa, kaka, nikupunguzie kazi." Na Mzee Honi alimshukuru. Alimshukuru, jamani! Kumbe anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mdogo wake akaitwa. Akaja na koti lake la kazini, akaliona lile paa lililoparuzwa, akakaa bila kukaribishwa.

"Vyangu viko wapi?" Mzee Honi akauliza.

"Kaka, tuongee taratibu."

"Vyangu viko wapi?"

"Kuna mtu anakusanya vitu vya zamani, alinisumbua sana. Nilikuwa nimebanwa, kaka. Nikamuuzia."

"Ukakaa ukaniigizia kimoja kimoja. Mpaka honi?"

"Mpaka honi."

"Shemeji," mke wa Mzee Honi akaingilia kwa hasira, "mtu mzima wewe, hukuifikiria siku atakayolifungua boksi?"

"Sikudhani atalifungua, shemeji. Daktari alishaniambia macho hayatafika..."

Akajiziba mdomo, lakini lilikuwa limeshatoka.

"Daktari yupi?" Mzee Honi akauliza. "Yule wa mwaka juzi?"

Siku ile ya kupimwa macho, kabla nyumba haijabadilishwa mabati, walimtia dawa ya macho, akawa haoni mbele wala nyuma, akawekwa kwenye benchi nje. Aliyebaki ndani kuzungumza na daktari alikuwa mdogo wake. Alitoka, akamshika mkono, akamwambia, "Ni uchovu tu, kaka. Utu uzima huo." Naye akarudi nyumbani akiwa na furaha, macho yake yakiwa bado yanatunga uzi kwenye sindano, boksi likabaki juu ya kabati.

Mdogo wake alikuwa analia sasa. Akatoa mfukoni kichupa cha gundi nyingine, ile kali ya matone, inayoshika hata meno ya bandia. Alikuja nayo kutoka kazini, hana aibu.

"Hii inashika, kaka. Niache nikuunganishie mwenyewe. Leo leo inakwisha."

Mzee Honi hakukigusa kichupa. Aliinama juu ya meza, akasogeza uso, akasogeza tena, mpaka pumzi zao zikakutana, akiutafuta uso wa mdogo wake.

"Mwaka juzi," akasema, "nilikuwa nakuona tangu mlangoni."