Kiatu cha Mwalimu

Mwalimu wangu wa udereva ni jasiri sana, kwa maelezo yake mwenyewe. Kila asubuhi huketi kando yangu, akafunga mkanda, akauvuta mara tatu, kisha akaniambia nisiwe na wasiwasi. Mikono huituliza mapajani kama mgeni mwenye adabu. Mguu wa kulia ndio hauna adabu: unashinda juu ya breki ya pili, iliyofungwa upande wake, hadi soli ya kiatu imekwisha. "Taratibu, mwanangu," husema, na hapo hata baiskeli zimeshatupita. Leo, siku moja kabla ya mtihani wangu, tulipokaribia makutano alivua kile kiatu. Nikafurahi, mzee hatimaye ameniamini.

"Kwa hiyo nimeiva, mwalimu?"

"Kiatu kinateleza," akasema, akiikanyaga breki yake kwa unyayo mtupu. "Endelea, mwanangu. Usiwe na wasiwasi."