Tawi Nililolikausha Juu ya Mbabula

Leo nacheka kwa sababu sina njia nyingine, lakini nawaambia kweli, mpaka sasa nikiingia kanisani kwetu hapa Kalemie natazama chini, na kama ningekuwa na uwezo ningewaomba wote waliokuwepo siku ile wasahau, kuanzia mama mkwe wangu.

Mambo yalianza vizuri (aibu ndivyo inavyoanza, haipigi hodi). Pasta aliniambia nihubiri mara mbili: Jumapili ya kwanza waumini wanipime, na wiki mbili baadaye nihubiri tena, halafu niwekwe shemasi siku hiyohiyo. Mimi ni mtu wa biro, yaani wa ofisini, najaza karatasi za mizigo bandarini, kazi ambayo mwaka unaweza kwisha bila mtu kukuuliza jina, na ule ushemasi niliutaka kuliko nilivyokubali kusema. Nilishaanza hata kutembea polepole kama mashemasi wanavyotembea. Moyoni niliona kwamba nikiukosa, basi mimi si mtu.

Somo la kwanza lilikuwa lile la Yesu kuwa mzabibu na sisi kuwa matawi, kwamba tawi likikatwa halina uzima tena. Sasa mzabibu Kalemie utaupata wapi? Nikaenda nyuma ya jikoni, pale mke wangu anapochuma majani ya sombe, nikakata tawi la muhogo na majani yake yote. (Msinicheke bado. Najua muhogo unapandwa kwa kipande cha mti, hakuna mtu wa huku asiyejua, lakini nilijua pia kwamba kipande kinataka udongo.) Nikaliinua mbele ya watu, nikahubiri, joto likafanya kazi yake, na kabla sijafika mwisho majani yalikuwa yamelegea kabisa na kanisa zima linasema amina. Hapo ndipo ningekaa. Mwenye akili angekaa. Lakini zile amina zilinipanda kichwani, nikaliegemeza tawi ukutani nyuma ya mimbari nikasema, "Musiliguse. Siku nitarudi hapa mutaliona limekufa kabisa, na mutajua mutu bila Kristo njo hivyo."

Wiki mbili zile mvua ilinyesha karibu kila siku, na bati la kanisa letu linavuja upande uleule wa mimbari, jambo ambalo kila mtu analijua nami nilikuwa nimelisahau. Katikati ya wiki ya kwanza mama mkwe akafika kutoka Kirungu na kitenge kipya, amekuja kuniona nikiwekwa shemasi. Ni mkulima tangu utotoni, haongei sana, na mimi namheshimu mpaka inakaribia woga. Jumamosi mchana, siku moja kabla, nikapita kanisani kuhakikisha. Majani ya zamani yalikuwa yameanguka, na karibu kila jicho la lile tawi lilikuwa limetoa majani mapya, madogo, ya kijani kibichi, yana afya kuliko mimi. Nikakaa kwenye benchi. Nikaanza kuwafikiria watu wa kesho mmoja mmoja, na kila niliyemfikiria alikuwa anacheka. Nikajiambia neno la Mungu litadharauliwa, lazima niliokoe (mimi, karani wa mizigo, niliokoe neno la Mungu). Wazo la kuomba halikunijia hata kidogo.

Nikalificha tawi ndani ya koti, nikalipeleka nyumbani. Mke wangu na mama yake walikuwa sokoni. Nikayang'oa yale majani, nikawasha mbabula, lile jiko letu la makaa, nikalilaza tawi juu ya makaa na kuligeuza kama samaki, jasho linanitoka na masikio yako mlangoni. Upande mmoja ukawa mweusi, nikaupaka majivu kuuficha, na kabla wale wawili hawajarudi tawi lilikuwa limeshafika tena nyuma ya mimbari.

Jumapili kanisa lilijaa. Nikaliinua tawi, na harufu ya moshi ilinifikia mimi kwanza, kisha nikaona watu wa benchi la mbele wanatazamana. Nikaongeza sauti. Nikasema mutazame, limekauka, na ili kuwathibitishia (hakuna aliyeniomba) nikalivunja katikati. Lilikatika nusu, nusu nyingine ikang'ang'ania ganda, na utomvu mweupe ukatiririka mpaka kwenye mkono wa koti langu jeusi.

Mama mkwe alikuwa benchi la pili, akaniita kwa jina la mtoto wetu, kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia, "Papa Neema, huu muti umechomwa. Nani aliuchoma?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, naungama. Lakini Pasta alikuwa ananitazama, na mke wangu ameshafunika uso kwa kitenge.

"Ni mimi, Mama. Ulikuwa umechipuka."

Kanisa likaangua kicheko, wanakwaya wakashikana mabega, na Pasta mwenyewe akainamisha kichwa muda mrefu kabla ya kusema tuimbe. Ushemasi haukutajwa siku ile, wala haujatajwa tena.

Nyumbani nilikataa chakula. Mama mkwe akaja akakaa karibu yangu, yeye hakucheka.

"Ungeuacha tu," akasema. "Muti bila udongo unatanguliza majani. Unakula maji yake ya zamani. Ungengoja kidogo, ungekauka wenyewe." Kisha akaongeza taratibu, "Tangu nifike hapa nakusikia unahubiri mbele ya kioo. Kuomba, sijakusikia."

Ilikuwa kweli, na iliniuma kuliko kicheko cha kanisa zima. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipozungumza na Kristo bila watu kunisikiliza, nikashindwa.

Nimeapa sitainua tena tawi lolote mbele ya watu, wala sitamsaidia Mungu kwa makaa. Jioni ile, wengine walipokuwa nje, nilipiga magoti, na mjue upumbavu wangu, nilianza kwa kujitambulisha: karani wa bandarini, aliyekuwa awekwe shemasi. Nikaona haya, nikaacha katikati. Nikasema tu, "Yesu, sina kitu," na hayo sikuwa nimeyafanyia mazoezi.