Siku Nilipomfunga Kamba Jogoo wa Mama Vero

Nitasimulia mwenyewe leo, kwa sababu wengi wenu mmeshaisikia nusunusu, tena kutoka kwa watu ambao hata hawakuwepo, na afadhali nijiaibishe kuliko kuaibishwa na soko lote la Awendo. Ndiyo, ni mimi, Baba Stacy wa kuku. Aliyewalisha maofisa jogoo wa jirani ndiye huyu mnamwona hapa, na mkitaka kucheka chekeni mapema, maana nikifika mwisho sijui kama mtakuwa mnacheka.

Mnakumbuka nilikuwa napakia miwa kwenye malori mpaka mgongo ukakataa, ndipo nikaingia kwa kuku wa kienyeji. Nilifika kuku ishirini na wawili, wote mitetea, lakini jogoo wa maana sikuwa naye (kalikuwako kajogoo kamoja kembamba, kakiwika unadhani kanakohoa, nako paka akatuondolea). Jirani yangu Mama Vero, mjane, mzaliwa wa Karungu, yeye alikuwa na kuku sita tu, lakini jogoo, yawa! Jogoo mwekundu, mkia unang'aa kama dhahabu, mguu mnene hadi unamwogopa. Alimnunua Homa Bay akiwa kifaranga, akaja naye amemfunga kwa leso kama mtoto, akamlea mpaka watu wakamwita Jenerali. Sisi wote wa upande ule tulikuwa tunaamka kwa sauti yake.

Sasa habari ya msaada ni yeye aliyeileta, hilo nalisema wazi hata Mungu anisikie. Yeye ndiye alifunga safari mpaka Migori, akazungushwa mlango huu na mlango ule, akakaa kwenye benchi siku nzima na njaa yake, mpaka akapata ofisi inayosaidia biashara ndogo, na huko akaambiwa wanatoa mashine za kuangulia vifaranga kwa wafugaji, bure kabisa, ila lazima waje kwanza wahakikishe una kuku wa kutosha na jogoo wa mbegu nzuri. Akarudi na fomu moja, akaja moja kwa moja kwangu hata kabla ya kuvua viatu.

"Baba Stacy," akasema, "wewe una kuku, mimi nina jogoo. Tujaze pamoja. Mashine ikae hata kwako, mimi sina neno, vifaranga ndio tutagawana. Vero yuko kidato cha tatu na kila muhula anarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Nikiwa na vifaranga vya kuuza, mtoto atamaliza shule."

Nikamwambia, "Niachie fomu, mama, mwandiko wangu ni mzuri. Wewe pumzika."

Akaniachia. Ningejaza vile alivyosema tungekuwa tunaongea mambo mengine leo. Lakini nilipokaa na kalamu, pale kwenye nafasi ya mwenye biashara nikaandika jina langu, nikaliangalia, nikaliona linapendeza likiwa peke yake. Nikaanza kufikiria watu wakipita barabarani wakisema ile mashine ni ya Baba Stacy. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine, sikuusoma hata, nikaupita. Kwenye idadi ya jogoo nikaandika mmoja. (Uongo mdogo, si ndio? Nilijiambia mashine ikishafika nitamwangulia na yeye vifaranga vyake, kwani nitamnyima? Mtu akianza kujidanganya hakosi maneno.)

Ofisi ikanipigia simu, watakuja Alhamisi. Mama Vero sikumwambia siku. Nilienda kwake Jumatano nikiwa nimeinamisha kichwa kama mtu mwenye shida, nikamwomba Jenerali akae kwangu siku mbili tatu apande kuku wangu. Akamtoa bila swali. "Usimwache alale nje," akaniambia, "na umrudishe kabla ya Sabato."

Asubuhi ya Alhamisi shida ikaanza. Jenerali kila nikimwachilia anashika njia ya kwao. Nikimrudisha anaenda, nikimrudisha anaenda, anapita mbele yangu bila hata kunitazama. Nikawaza, wageni wakifika na huyu ameshaenda kwa mwenyewe nitasema nini? Nikachukua kamba, nikamfunga mguu, nikamfungia kwenye kisiki karibu na jikoni ambapo kila mtu atamwona vizuri. Nikavaa shati la harusi yangu (halifungi tumboni tena, lakini nilivaa), nikaazima viti vya plastiki kanisani, nikaalika majirani waje washuhudie, ndiyo, niliwaalika mwenyewe kwa mdomo wangu, kisha nikaenda barabarani kungoja gari.

Mamangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Asumbi. Nikamwambia nikiwa mlangoni, "Mama, wageni wa ofisi wanakuja, wasitoke hapa na njaa."

Akasema, "Wuoda, mwanangu, hiyo niachie mimi."

Mimi kichwani nilikuwa na kuku mmoja mzee aliyeacha kutaga. Nilimtaja? Sikumtaja. Nilikuwa na haraka ya kusimama barabarani nikionekana.

Walisema saa tatu, wakafika saa saba. Alikuwa madam mmoja mpole mwenye daftari, na mzee mmoja wa mambo ya mifugo. Nikawaongoza, viti vimejaa watu, nikawaonyesha kuku, nikawaonyesha chumba cha mashine (nilikuwa nimetoa kitanda cha Stacy), nikaongea Kiswahili cha redio mpaka mwenyewe nikajishangaa. Madam anaandika tu, anatabasamu. Halafu akasema, "Safi sana, mzee. Sasa tuonyeshe jogoo, maana mashine bila jogoo ni sanduku la joto tu."

"Jogoo ndiye huyu," nikasema, nikanyoosha mkono kwa madaha, na watu wote wakageuka kuangalia kisiki.

Kisiki kilikuwa na kamba tu.

Hapo ningenyamaza. Ningesema ukweli hapo, aibu ingekuwa ya saizi ya kawaida. Badala yake nikapaza sauti, "Amekata kamba! Ameingia kwa shamba la miwa!" na kwa sababu nilikuwa nimealika watu wengi, wote wakainuka kusaidia. Wazee wakaingia kwa miwa, akina mama wakaingia, madam wa watu na viatu vyake vizuri akaingia, mzee wa mifugo anaita kuku kwa mdomo kama watu wa kwao. Tulitafuta mpaka shati langu likaachia kifungo cha mwisho. Tukiwa katikati ya hiyo kazi, Mama Vero akatokea njiani anatoka sokoni na trei zake tupu za mayai.

"Mnatafuta nini?" akauliza.

"Jogoo wa Baba Stacy," jirani mmoja akamjibu. "Yule mwekundu. Hawa ni watu wa mashine, wanataka kumwona."

Mama Vero akanitazama. Akamtazama madam na daftari lake. Nilijua ameelewa yote mara moja, siku, fomu, na ile safari yangu ya Jumatano. Akasema polepole, "Huyo mwekundu ni wangu." Kisha, na hii ndiyo inaniuma mpaka leo, hakunigombeza. Aliweka trei chini akaingia kwa miwa akaanza kuita jogoo wake.

Basi mamangu akatoka jikoni na jagi la maji ya kunawa, anatushangaa. "Nyinyi mnatafuta nini kwa miwa na chakula kinapoa? Welo, wageni wetu, wamekaa na njaa!"

"Mama," nikasema, "yule jogoo aliyekuwa hapa..."

"Si ulinifungia mwenyewe!" akasema kwa furaha yake yote. "Nimetoka nimemkuta tayari kwenye kamba karibu na jikoni, nikasema mwanangu sasa amejua kukaribisha watu. Alikuwa na mafuta, yawa!"

Na nani atamlaumu? Nyinyi wenyewe mniambie, kwetu hapa, siku ya wageni, kuku aliyefungwa mguu karibu na jikoni ni wa nani kama si wa sufuria? Mtoto wa darasa la kwanza anajua. Mimi tu ndiye nilisahau, kwa sababu nilikuwa nafunga kitu kisicho changu.

Nyuma ya jikoni manyoya yalikuwa yamelundikwa, na ule mkia wa dhahabu juu. Kuna mtu alianza kucheka, akaona uso wa Mama Vero, akaacha. Madam akafunga daftari. Akaniuliza taratibu, bila hasira, "Mzee, kwa nini hamkuomba pamoja? Kwenye fomu kuna mstari wa mshirika. Wanaoomba wawili ndio tunaanza nao."

Mamangu alikuwa ameshaelewa, ameketi chini na kitambaa mdomoni. Ilibidi mtu awanawishe wageni mikono na hakuna aliyesogea, basi Mama Vero akachukua jagi mwenyewe, akawanawisha, akaomba baraka ya chakula, akawapakulia mchuzi wa Jenerali mmoja baada ya mwingine ili boma langu lisiaibike zaidi. Yeye hakula. Aliponifikia na sahani akasema kwa sauti niliyoisikia mimi tu, "Ungeniambia, Baba Stacy. Ningemleta mwenyewe."

Nilikunywa maji tu siku ile.

Mashine ilienda kwa watu wengine kule Karungu, kwao Mama Vero, na vifaranga vya mashine hiyo ninaviona sokoni. Nilimnunulia jogoo mwingine, mwekundu pia. Alimpokea, akasema asante, lakini huyo hawiki sawasawa. Muhula uliofuata Vero alirudishwa nyumbani tena. Nilimwona anapita mbele ya nyumba yangu na sanduku kichwani, akanisalimia kwa heshima, "Shikamoo Baba Stacy," na mimi nikaingia ndani nikajifanya natafuta kitu.

Mwaka huu nafasi ya kuomba mashine imefunguliwa tena. Safari hii nilienda Migori mimi, nikazungushwa mimi, nikakaa kwenye lile benchi. Kwenye nafasi ya mwenye biashara nikaandika jina la Mama Vero, kwa mwandiko wangu mzuri, na mstari wa mshirika nikauacha wazi, nikampelekea aujaze mwenyewe kama atapenda. Kuandika jina langu juu ya jasho la mtu mwingine, hilo nimeapa sitarudia, hata nikiwa peke yangu na kalamu.

Aliisoma fomu yote akiwa amesimama mlangoni. Akafika kwenye ule mstari, akaweka kidole pale, akakaa nacho.

"Nitafikiria," akasema.

Ni wiki ya pili sasa, bado anafikiria, na mimi simharakishi.