Mwangwi Juu ya Meli ya Lewis

Innes Cowie alikuwa na masikio makubwa, nasi tulimtania kwa hayo mpaka tukachoka wenyewe. Lakini ndiyo yaliyotulinda. Manowari yetu, Ugie, ilisindikiza meli za mizigo na kuwinda nyambizi za Wajerumani kaskazini mwa Ireland, na Innes ndiye aliyekaa na hedifoni kwenye kibanda cha kusikilizia. Chombo chake kilipeleka sauti majini. Ikigonga kitu, inarudi. Mimi nilikuwa mwenzake wa kupokezana zamu.

Mwaka ule wa mwisho wa vita, nyambizi zilikuwa zimejifunza ujanja. Zilijilaza chini kabisa, kando ya meli zilizokwisha kuzama, zikanyamaza. Utajuaje kipi ni kipi? Chuma ni chuma. Kazi ile ilitaka kututia wazimu.

Na moja ya meli zile ilikuwa ya Lewis, kaka yake Innes, aliyezama nayo pamoja na wenzake wote. Kila tulipopita pale, Innes alivua kofia, nasi tukanyamaza, hata mpishi Bagshaw, mtu aliyekuwa akiongea mpaka usingizini.

Asubuhi moja ya Februari, msafara ukitufuata nyuma, mwangwi wa meli ya Lewis ulirudi mrefu kuliko kawaida. Au ni mimi tu niliyeusikia hivyo. Kapteni Thorburn akaja kibandani mwenyewe.

"Cowie, ni ile meli tu, au kuna mgeni?"

"Ni ile meli tu, Bwana Kapteni."

Kisha Innes akabana hedifoni masikioni. Jasho likamtoka, na baridi yote ile!

"Ngoja, Bwana. Sijui."

"Nyuma yangu kuna msafara mzima, Cowie. Usiniambie hujui."

Innes akanivisha mimi hedifoni. Nikasikiliza. Mara kitu kimoja, mara viwili, mara vinaungana tena.

"Ndugu yangu, hata mimi sielewi," nikamwambia.

Akafumba macho. "Piga, Bwana."

Mabomu yakashuka. Bahari ikafura, ikatulia. Yakaibuka mafuta, vipande vya mbao, na samaki tele waliogeuza matumbo juu. Mabaharia wakashangilia. Walishangilia nini? Meli ya Lewis nayo ilikuwa na mafuta, na mbao pia. Bagshaw akateremsha mashua kukusanya samaki, kama ilivyokuwa desturi yetu kila tukipiga mabomu, na mchana kila mtu akapata kipande cha kukaanga.

"Njoo ule, Masikio!" Bagshaw akaita. "Leo umetulisha!"

Innes hakula. Nilimfuata sitahani nikamuuliza kwa nini alisema tupige.

"Kwa sababu moyo ulitaka niseme tusipige," akajibu. "Nikaona moyo unanidanganya. Sasa nadhani ni masikio yaliyonidanganya. Hebu niache, bwana."

Wakubwa wa nchi kavu walipelekewa taarifa yetu, wakajibu kwamba haikuthibitika kama kulikuwa na nyambizi. Vyeo vyote vile begani, na jibu ndilo hilo!

Vita vilipokwisha, Innes alinipeleka kwao Buckie. Mama yake, Elspet, mjane wa mvuvi na mtu wa maneno machache, alitupakulia supu ya samaki wa moshi na viazi.

"Hivi mlikuwa mkipita pale alipolala Lewis?" akauliza.

"Tulipita, mama."

"Mkamwombea?"

Innes akaweka kijiko chini. "Tulimpiga mabomu, mama. Mimi ndiye niliyesema. Nilidhani kuna Wajerumani wamejificha kando yake."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Walikuwepo?"

"Sijui. Mpaka leo sijui."

Mama akasimama na upawa mkononi. Nilingoja amlaani mwanawe, na nisingemlaumu. Hakumlaani.

"Kama walikuwepo," akasema, "basi mama zao hawajui hata walipolala."

Akavuta kiti, akaketi, akalia kwa sauti. Innes alinieleza baadaye kwamba hakuwahi kumwona akilia, hata siku ile walipoletewa habari za Lewis. Nilikaa pale nikiikodolea macho supu yangu, na hadi leo sijui alikuwa akimlilia mwana wa nani.